Umeondolewa kwenye Familia

Mteja ndiye aliyenisomea ujumbe. Mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta ya nywele, simu ikalia juu ya meza, nikamwambia yule mama niliyekuwa namsuka, "Hebu nisomee, usije ukawa wa muhimu." Akaichukua, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo walioacha miwani nyumbani, akasoma kwa sauti ya hakimu: "Umeondolewa kwenye familia. Uamuzi huu umefanywa na mkuu wa familia. Huhitaji kufanya chochote."

Mwenzangu wa kiti cha pili alizima kikaushio cha nywele ili asikie vizuri.

"Pole sana," mteja akaniambia. Kisha, kwa kuwa naye ni binadamu, akaongeza, "Kwani umefanya nini?"

Swali hilo ndilo lililonitoa jasho, maana jibu nilikuwa nalo. Mkuu wa familia yetu ni Dada, kifungua mimba wa mama yetu, na tangu mama atutoke hakuna jambo linalopita bila yeye. Mwezi uliopita nilikuwa nimeazima gauni lake la bluu, nikaliunguza kwa pasi, nikalirudisha kabatini kimya kimya likiwa limekunjwa, upande wa kuungua ndani. Amelikunjua, nikajisemea. Nilimaliza kumsuka yule mama kwa mistari ambayo hadi leo namwomba radhi.

Watu wanne tulipata ujumbe ule asubuhi ile ya Alhamisi, saa nne na robo. Watatu tulikuja juu, tukapiga kelele hadi majirani wakatoka nje. Wa nne hakusema lolote, na huyo ndiye nusura tumpoteze kabisa kwa sababu ya kitufe kimoja. Naandika mwenyewe kwa sababu ndugu zangu wamekwisha kuitia chumvi habari hii hadi haitambuliki.

Dada yangu ni fundi wa kujalidi vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji. Ana miaka hamsini na minne, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza amesimama mbele ya meza moja ndefu. Mlundo wa karatasi ukifika mbele yake huupepea kidogo kwa kidole gumba, huugonga mezani upande huu na upande ule hadi kingo zote zilingane, kisha hupaka gundi mgongoni kwa brashi pana, mara mbili, bila kudondosha tone. Kazi hiyo imemwingia mwilini. Akija kukutembelea, kabla hajakaa atakuwa amelinganisha viatu vya mlangoni, amenyoosha pazia, na kama una picha imepinda ukutani hatakusikiliza hadi aende akainyooshe.

Jambo jingine, Dada hajui kukataa. Ukianza "Dada, naomba..." amekwisha kusema "chukua" kabla hujafika kwenye unachoomba. Ndiyo maana nyumba yake haina mwavuli hata mmoja.

Na Dada ni dereva. Usukani wa gari la kweli hajawahi kuugusa, na akipakiwa kiti cha mbele hufumba macho kwenye kila kona. Udereva wake ni wa kwenye televisheni. Mwanawe alipooa na kuhama aliacha mashine yake ya michezo, Dada akawa anaifuta vumbi kila Jumapili. Jumapili moja akabonyeza pasipostahili, gari jekundu likatokea kwenye skrini likinguruma, naye akakaa chini na kitambaa chake cha vumbi mkononi. Shemeji yangu anasema alinyanyuka baada ya saa tatu, tena kwa sababu ya goti.

Haendeshi kama wenzake. Wenzake ni vijana wa nchi mbalimbali wanaogongana makusudi. Dada hufunga breki mapema, hupisha, na akimpita mtu humwambia "samahani, baba," ingawa hasikiwi na yeyote isipokuwa shemeji. Wale wengine wanarushana nje ya barabara, wanapinduka, wanashika moto, na Dada anapita katikati yao taratibu akiwasikitikia. Kwa mtindo huo alikuwa amefika nafasi ya nane, na wanane wa kwanza ndio waliochaguliwa kwa mbio za fainali, Jumamosi saa nne asubuhi. Alikuwa amefanya mazoezi miezi minne. Kule kiwandani walikuwa wamekwisha kubandika karatasi mlangoni yenye jina lake la mchezoni: Fundi Gundi, tuko nyuma yako.

Sasa, mchezo ule una utaratibu wake. Mtu mmoja akiununua, anaweza kuuchangia na watu wengine wanne, mradi wawe familia. Wenyewe wanaiita hivyo hivyo, familia, na aliyeufungua wanamwita mkuu wa familia. Mwanawe alipomweleza Dada kwamba ana nafasi nne za kugawa, Dada aligawa zote kabla hajakata simu.

Ya kwanza akampa Mjomba, kaka yake mama, fundi saa mstaafu mwenye miaka sabini na mmoja. Mjomba haendeshi. Anawasha lori kubwa, analiegesha hapo hapo, anapiga honi, basi. Ya pili akampa wifi yake, dada wa mumewe, muuza duka la dawa, ambaye anaingia kupaka magari rangi. Akishapata rangi ya zambarau inayomkaa moyoni anatoka. Ya tatu nikapewa mimi. Mimi napenda kuendesha kinyume na wenzangu, niwaone wanavyotoa macho.

Ya nne akapewa Wiki Mbili. Huyu ni fundi vioo, ana miaka thelathini na sita, na jina hilo alilipata alipoletwa kwetu akiwa na miaka sita. Mama yake alikuwa rafiki wa mama yetu. Alikuwa anasafiri kwenda kutibiwa, akamwacha mtoto kwetu kwa wiki mbili. Hakurudi. Wiki mbili zikawa miaka thelathini. Dada ndiye aliyemwogesha, aliyempeleka shule, aliyesaini karatasi zake zote mahali palipoandikwa mzazi au mlezi. Lile jina tulimpa kwa utani, naye akaliitikia kwa utani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa akafikiri kama linauma.

Wiki Mbili peke yake ndiye aliyekuwa akiomba ruhusa kabla ya kucheza. "Dada, samahani, naomba nusu saa kama hutumii." Sisi wengine tuliingia tu.

Na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Familia ni watu watano, sawa, lakini mchezo hauchezwi na wawili kwa wakati mmoja. Akiingia mwingine, wewe uliyemo unatupwa nje, hata kama umebakiza mita kumi. Halafu ukitaka kuingia kwa simu mpya au televisheni ya jirani, namba sita za uthibitisho zinatumwa kwenye simu ya mkuu wa familia peke yake. Kwa hiyo Dada alikuwa kiwandani, mikono ina gundi, mashine ya kukatia karatasi inanguruma pembeni, na simu kwenye mfuko wa aproni haipumui.

"Dada, namba imekuja?" Huyo wifi.

"Mpwa wangu, hizi namba zako haziingii." Huyo Mjomba.

"Ya mwisho ni sita, Mjomba!"

"Saba?"

"Sita! Idadi ya wajukuu zako!"

"Wajukuu zangu ni saba."

"Basi toa mmoja!"

Mara mbili alitupwa nje akiwa kwenye mazoezi, akavumilia. Jumatano jioni akatupwa mara ya tatu, mzunguko wa mwisho, akiwa wa tatu, kwa sababu Mjomba alijisikia kupiga honi. Mchezo ukamwandikia kwamba akikatika mara nyingine moja nafasi yake ya Jumamosi inafutwa, anapewa mwingine.

Alhamisi kisu cha mashine ya kukatia kilipelekwa kunolewa, mafundi wakaambiwa wapumzike. Dada akaamka, akaoga, akakaa mbele ya televisheni na miwani yake ya kazini. Alichotaka ni kutufungia mlango hadi Jumamosi mchana tu. Alitafuta palipoandikwa "subirini kidogo," hakupaona. Akapekua, akapekua, akakuta palipoandikwa "Ondoa kwenye familia."

Shemeji yangu ni mwalimu wa hesabu, alikuwa nyuma yake anasahihisha madaftari. Akatupa jicho.

"Mama, hapo pameandikwa ondoa kwenye familia."

"Nimeona. Nina macho."

"Nasema tu."

"Hii ni mashine, baba. Itajulia wapi mambo ya familia?"

Shemeji huwa hasemi jambo mara mbili. Akarudi kwenye madaftari yake. Dada akaweka alama kwenye majina manne, moja chini ya jingine, akabonyeza, akaitia simu chini ya mto, akafanya mazoezi kwa raha ambayo hakuwa ameipata tangu aujue mchezo. Hakujua kwamba mashine ile ilikuwa imeandikia kila mmoja wetu. Nasi hatukujua ni mashine, maana ujumbe haukutaja mchezo wala gari. Ulitaja familia, na mkuu wa familia, na sisi familia tunayo moja.

Nilifika kwa Dada saa kumi na moja jioni, nimejiandaa kulia. Mjomba alikuwa amekwisha kufika. Alivaa suti yake nyeusi, ile ya misibani, na alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Wifi aliingia nyuma yangu bila kubisha hodi.

"Mimi sitoki," akatangaza kutoka mlangoni. "Hapa ni kwa kaka yangu. Wewe mwenyewe umeletwa ukanikuta."

Dada alitutazama mmoja mmoja, pedi ya kuchezea bado iko mkononi. "Karibuni," akasema. "Kuna nini?"

Mjomba akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi, sitaki kuzunguka. Kama ni habari ya ile saa ya ukutani, ni kweli. Mashine yake ya ndani niliitoa nikaweka nyingine. Ya kwako ilikuwa nzuri mno, nikashindwa kujizuia. Nitairudisha."

"Saa gani?" akauliza Dada.

"Na kama ni yale niliyosema pale harusini," wifi akadakia, "sikusema unakoroma. Nilisema unapumua kwa nguvu. Watu ndio waliogeuza."

"Gauni nitashonesha jingine," nikasema mimi, machozi yananitoka. "Lile lile, bluu ile ile, nikipata kitambaa."

"Gauni gani?"

Shemeji alifunga daftari. Nilimwona anajizuia, mabega yanamtikisika, kisha akashindwa. Mwalimu yule mkimya aliangua kicheko ambacho sikujua kama anacho. Akiwa bado anafuta macho akatueleza: kitufe, mashindano, honi. Ilichukua muda kuingia. Mjomba alikuwa wa kwanza kukaa, na wa kwanza kusema kwamba, kwa kuwa mambo ni hivyo, habari ya saa isichukuliwe kwa uzito. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Dada alicheka huku ananitazama kwa jicho la gauni.

Ni yeye aliyetazama kile kiti kitupu karibu na dirisha.

"Wiki Mbili yuko wapi?"

"Labda hakupata ujumbe," nikasema.

"Amepata. Huyo hana matatizo, huyo amenijibu asubuhi hiyo hiyo, tena kwa adabu; nilichungulia mchana nikaona ameandika sawa Dada, sikujua anajibu nini. Si kama nyinyi mliokuja na masuti." Akaichomoa simu chini ya mto, akavaa miwani vizuri, akatusomea ili tujifunze: "Sawa, Dada. Nimeelewa. Nawashukuru wote kwa miaka yote. Mungu awabariki. Mnaona? Mtu mstaarabu anapo..."

Akausoma tena, safari hii kwa midomo tu.

"Miaka yote?" akasema wifi polepole. "Mchezo si ameanza mwaka huu?"

Dada alipiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena, na tena, akiwa amesimama, na mkono wake wa pili ukinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimepinda. Wiki Mbili hazimi simu, ana wateja. Nilijua, na sote tulijua, kwamba kati yetu wanne ni yeye peke yake ambaye ujumbe ule ungeweza kumwingia kweli.

Kesho yake asubuhi Dada aliomba ruhusa kazini, mara ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja, akanipitia saluni tukaenda naye. Karakana ya vioo ina uwanja mdogo mbele, na vioo vimeegemezwa kwenye fremu za mbao kuzunguka kuta zote, kwa hiyo unapoingia unajiona unaingia mara ishirini. Wiki Mbili alikuwa kwenye meza iliyotandikwa blanketi, anakata. Alipitisha kikatio mara moja kufuata rula, akagonga kwa chini kidogo, kioo kikaachana sehemu mbili bila kelele. Kisha akatuona.

"Karibuni," akasema. "Karibuni sana."

Akaingia chumbani kwake, kilichopo nyuma ya karakana, akatoa viti viwili, akavifuta kwa kitambaa. Akaleta maji kwenye trei. Nilitamani kulia pale pale. Kwa huyu mtu sisi huwa tunaingia tu, tunafunua sufuria, tunalala kitandani kwake na viatu. Trei sikujua hata kama anayo.

Juu ya meza ya chumbani, mlango ukiwa wazi, niliona sufuria kubwa ya Dada imeoshwa inang'aa, sahani zake mbili, na bahasha. Dada naye aliona.

"Hiyo bahasha ina nini?"

"Ufunguo wa nyumbani kwako. Nilitaka nivilete vyote leo jioni."

Dada alianza kusema, na alisema yote kwa pumzi moja: mchezo, kitufe, kisu kilichokwenda kunolewa, Mjomba na honi, suti, mashine isiyojua mambo ya watu. Wiki Mbili alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Hajawahi kumkatiza mtu. Kwetu tulikuwa tukigombania bafu, tukigombania kijiko, tukitukanana tukapatana kabla ya chakula, na yeye alisubiri nje hadi tumalize.

"Najua, Dada," akasema. "Nilijua jana hiyo hiyo. Nilijaribu kuingia nikakuta mchezo umefungwa, nikaelewa ni huo."

"Ulielewa? Basi simu ulizima ya nini?"

Aliokota kipande cha kioo mezani, akakiweka kwenye ndoo ya vipande.

"Wenzangu walifanyaje walipousoma?" akaniuliza mimi.

"Tulipiga kelele," nikasema. "Tukaja kuuliza tumekosa nini."

"Mimi sikuuliza," akasema. "Nilisimama hapa, nikasoma, nikajisemea, haya, imefika. Nikakujibu, nikaenda kuosha sufuria. Nilipomaliza kuosha ndipo nikakumbuka kuna mchezo." Akatabasamu kidogo, kwa aibu. "Nikajiuliza mbona sikushangaa. Basi nikashindwa kuja. Si kwamba nimewachukia. Nawashukuru, kweli nawashukuru."

Niliona haya kama sijawahi kuona maishani. Dada akaiweka chini glasi yake ya maji, akatoa simu.

"Nakurudisha sasa hivi."

Mashine ikakataa. Ikaandika kwamba mwanafamilia aliyeondolewa hawezi kurejeshwa kwenye familia hiyo kabla ya miezi kumi na miwili. Dada alisema neno ambalo sitaliandika, na fundi mmoja aliyekuwa anapita na fremu akageuza njia.

"Dada, si kitu," Wiki Mbili akasema. "Ni mchezo tu."

"Nyamaza." Maisha yake yote Dada amekuwa akisoma kila kilichochapwa, hata maandishi madogo ya chini ambayo sisi tunayaruka. Aliyasoma yote, kidole kikifuata mistari. Kisha akamwambia, "Toa simu yako. Fungua familia."

"Familia gani?"

"Yako. Aliyeondolewa anaruhusiwa kufungua ya kwake. Fungua, wewe uwe mkuu."

Wiki Mbili hakuwahi kumkatalia jambo. Akafungua. Wakati huo nami nilikuwa nachungulia simu ya Dada kwa juu ya bega lake, nikasoma kile alichokuwa amefikia: mkuu wa familia akitaka kujiunga na familia nyingine lazima kwanza afunge ya kwake, na mashindano yote aliyojiandikisha yatafutwa.

"Dada," nikamnong'oneza. "Kesho saa nne."

Akabonyeza. Hakusita hata kidogo.

Simu ya Wiki Mbili ikalia. Aliusoma ujumbe, kisha akausoma tena kwa sauti, polepole. "Fundi Gundi anaomba kujiunga na familia yako. Kubali. Kataa." Akainua uso. "Wewe unaingiaje kwangu wakati una ya kwako?"

"Nimeifunga."

"Umeifunga? Na mbio za kesho?"

"Zimekwenda na maji."

Niliona uso wake unabadilika. Kwanza masikio, kisha shingo.

"Una akili kweli wewe?" akasema.

Hakuna anayemwambia Dada hivyo. Shemeji hathubutu. Mjomba, mzee mzima, hathubutu. Mafundi wa upande wa pili waliacha kukata.

"Miezi minne!" Sauti ilimtoka nzito, sikuijua. "Miezi minne unatusumbua na ile kona ya daraja! Jumapili ngapi nimekaa chini pale sebuleni kwako nakuhesabia sekunde? Kiwandani watu wamekubandikia karatasi mlangoni! Unakurupuka tu! Jana umekurupuka ukanifuta mimi, leo umekurupuka umejifuta wewe! Huwezi kuuliza mtu kabla hujabonyeza?"

"Nilitaka..."

"Sijamaliza!" Akaupiga ubao wa meza kwa kiganja, vioo vikalia ukutani. "Na jina langu ulilisoma. Usiniambie mashine, mashine. Ulilisoma jina langu, Dada, ukaliwekea alama."

"Nililiwekea," Dada akasema kwa sauti ndogo. "Nisamehe."

"Sijakusamehe! Nimekasirika!"

Alisimama pale anahema, yeye mwenyewe amepigwa na butwaa kwa maneno yake. Miaka thelathini mtu huyu ametushukuru. Ilikuwa mara ya kwanza kutukasirikia, nami nikajikuta nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili, kwa furaha. Dada machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, hakuyafuta.

"Endelea," akamwambia. "Sema yote."

Naye akaendelea. Alitaja siku aliyosahaulika shuleni hadi mlinzi akamgawia mkate wake. Alitaja ile picha ya darasa, jinsi Dada alivyomnyoa mwenyewe asubuhi yake akamwachia kipara upande mmoja. Alimwambia asiwe anamnyooshea kola mbele ya wateja. Alikuwa anatembea huku na huku, simu mkononi, na katikati ya habari ya kola, bila hata kuitazama vizuri, kidole chake gumba kikabonyeza Kubali. Simu ya Dada ikalia mapajani. Hakuishughulikia.

"Na vile viatu vyeusi!" Wiki Mbili akasema. "Vya darasa la tatu! Mwaka mzima nilikuwa najaza karatasi mbele!"

Dada akashtuka kweli. "Vilikupwaya?"

"Vilinipwaya! Nilikuwa natembea navikokota!"

"Mwaka mzima! Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, Dada?"

Dada akakisogeza kwa mguu wake kiti cha pili, kile nilichokuwa nimekiacha, hadi kikamwelekea.

"Haya," akasema. "Sema sasa."

Wiki Mbili akakivuta, akakaa mbele yake, akaanza na viatu.